Mimea vamizi Tanga: maswali ninayoulizwa kuanzia Amani hadi Pangani

Nilifundisha baiolojia Muheza mpaka nikastaafu, na hadi leo wiki haipiti bila mtu kunisimamisha, sokoni au kwenye daladala ya Amani, kashika jani mkononi: "Mwalimu, huu nao ni mvamizi?" Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja. Maswali nimeyaacha yalivyoulizwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine ni ndiyo au hapana, tukaendelea na safari.

Mmea vamizi ni nini hasa? Si haya haya magugu tunayopalilia?

Si lazima. Gugu ni mmea wowote uliota pale ambapo huutaki. Kiduha kinachonyonya mizizi ya mahindi ni gugu, tena gugu baya, lakini ni mwenyeji wa Afrika. Mmea vamizi ni ule ulioletwa na binadamu mahali ambapo usingefika wenyewe, halafu ukaacha kumhitaji huyo aliyeuleta: unazaa, unasambaa, unasukuma wenyeji, bila mtu kuupanda wala kuumwagilia.

Ukikosa hiyo sehemu ya pili, ni mgeni tu, na wageni tunao tele. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika. Mkorosho ni wa Brazili, ukaja na Wareno. Mwembe ni wa Bara Hindi. Ukiondoa kila cha kigeni kwenye sahani ya mchana ya mtu wa Tanga utabaki na samaki na chumvi. Kwa hiyo anayekuambia kila mmea wa nje ni adui, muulize amekula nini leo.

Sasa kwa nini wengine wanatulia na wengine wanavamia?

Hili ndilo swali lenyewe, na bahati yetu ni kwamba sehemu nzuri ya kulijibia ipo juu ya kilima hapa hapa. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia Amani, na wakaanza kupanda kila walichodhani kinaweza kuleta faida: miti ya mbao, ya mpira, ya dawa, ya viungo, kutoka karibu kila nchi ya joto duniani. Tanga tunajisifu kuwa ni ya "waja leo warudi leo". Miti hii ilikuja, na iliyobaki bado ipo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulikagua spishi 214 za kigeni zilizokuwa zimesalia kutokana na upandaji ule. Zilizokuwa zimesambaa sana ni 16. Nyingine nyingi zipo zimesimama pale pale zilipopandwa, zinazeeka kimya kimya.

Kwa nini hizo 16? Kwa maelezo ya darasani ningesema mmea unahitaji vitu vitatu: wa kuubebea mbegu, nafasi ya kuotea, na kutokuwa na adui. Kila kimoja nitakigusa kwenye mmea wake hapo chini. Ila kumbuka muda pia. Mti unaweza kukaa miaka hamsini kama mpangaji mwenye adabu, halafu kitu kikabadilika, msitu ukakatwa au ndege wakaongezeka, ukaanza kukimbia. Ndiyo maana "mbona upo tangu enzi za babu na haujafanya kitu" si hoja.

Ule mti mrefu wenye matawi kama mwavuli, uliojaa njia ya Amani, ni wa asili?

Hapana, na huo ndio unaoulizwa kuliko yote. Ni *Maesopsis eminii*. Waganda wanauita musizi. Ukiutazama kwa mbali unaona shina limenyooka, refu, na juu matawi yametandazwa kama tabaka. Majani yana meno pembeni. Tunda ni kama zambarau dogo, likiiva huwa jeusi lenye wekundu.

Wengi hushangaa nikiwaambia kwao ni wapi. Si Brazili wala Australia. Asili yake inaanzia Liberia, inapita Kongo na Uganda, inaishia magharibi ya Kenya na kwetu Kagera. Yaani ni Mtanzania! Ila msitu haujui mipaka ya nchi. Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake imejitenga na ile ya Afrika ya kati kwa muda mrefu mno, mamilioni ya miaka, ndiyo maana ina miti, vyura na vinyonga visivyopatikana kwingine kokote. Kwa msambu, mti wa asili wa Amani, mti wa Bukoba ni mgeni sawasawa na mti wa Panama.

Uliletwa enzi za Wajerumani, ukapandwa kwa wingi zaidi miaka ya 1960 kwenye sehemu zilizokuwa zimevunwa mbao. Hapo ndipo nafasi inapoingia kwenye hadithi. Musizi hauoti vizuri chini ya kivuli kizito. Unasubiri pengo. Miti mikubwa ilipokatwa na magogo kuburutwa, mapengo yakafunguka kila upande, na mti unaokua haraka kuliko mingine yote ukayajaza.

Na wa kubeba mbegu? Hondohondo. Kaa pale Amani jioni utawasikia kabla hujawaona. Mabawa yao yanavuma kama mtu anayepepeta mpunga kwenye ungo. Wanameza tunda zima, wanaruka ng'ambo ya bonde, wanalala kwenye mti mwingine, na kokwa linatemwa huko. Hakuna mtumishi wa misitu anayeweza kupanda kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo tuikate yote?

Mimi nasema hapana, na najua kuna wenzangu wanaokasirika. Miaka ya 1980 hofu ilikuwa kubwa kwamba musizi utaumeza msitu wote. Baadaye watafiti wengine walikuta miche ya miti ya asili ikiota chini yake, na kwamba pale msitu ulipobaki umefunga vizuri, musizi hauingii kirahisi. Hofu haikuwa ya bure, ila picha si ya rangi moja.

Sasa fikiria: ukikata misizi mia kwa mpigo, umefungua mapengo mia. Kesho yataota nini? Misizi mia tatu, na chini yake klidemia, kichaka vamizi nitakachokieleza kwenye swali linalofuata. Nafikiri nguvu iende pembezoni mwa msitu mzima, kwenye miti mama michache inayozaa karibu na sehemu ambazo bado ni safi. Hiyo ivuliwe gome kuzunguka shina, ife taratibu ikiwa imesimama, huku miche ya asili ikiandaliwa chini. Kazi ya miaka, haina picha nzuri ya kuonyesha wafadhili.

Halafu kuna hondohondo. Sasa hivi tunda hilo ni chakula chao. Huwezi kuondoa mti kama mchezaji wa ziada, kuna wanaomtegemea.

Na kabla hujashika panga: ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, yenye hekta 8,380 na iliyotangazwa mwaka 1997, hukati kitu bila ruhusa ya Wakala wa Huduma za Misitu, hata kama ni mvamizi.

Watoto wetu wanakula yale matunda madogo ya buluu njiani. Yana sumu?

Hayana sumu. Wanarudi nyumbani ulimi buluu, ndiyo hasara pekee kwao. Hasara ni ya msitu, kwa sababu wakishamaliza kula wanazisambaza mbegu sawa na ndege.

Huo ndio *Clidemia hirta*. Hapa kijijini hauna jina moja linalokubalika, kwa hiyo nitauita klidemia. Kichaka cha kimo cha mtu, wakati mwingine zaidi. Shika jani: lina mishipa mitano au zaidi inayoanzia chini na kupinda kuelekea ncha, na katikati ya mishipa pamevimbavimba kama godoro lililoshonwa. Kikonyo na shina vina nywele nyekundu zinazokwaruza. Ua ni dogo jeupe. Tunda nalo lina manyoya. Ukilipasua kwa kucha unaona mbegu kama vumbi. Tunda moja lina mbegu zaidi ya 100, na kichaka kimoja kinaweza kutoa matunda zaidi ya 500 kwa mwaka. Zidisha mwenyewe. Mbegu hizo zinaweza kukaa hai ardhini hadi miaka minne.

Kwao ni Amerika ya joto, na huko ni kichaka cha kando ya barabara tu, hakiingii ndani ya msitu. Huku na visiwani Hawaii kinaingia hadi kwenye kivuli. Watafiti walilichukua swali hilo wakalipeleka shambani: walipanda miche msituni Costa Rica na msituni Hawaii, mingine wakainyunyizia dawa ya wadudu na ya kuvu, mingine wakaiacha. Costa Rica, miche iliyolindwa kwa dawa ilistahimili kivuli vizuri zaidi kuliko isiyolindwa. Hawaii dawa haikuleta tofauti ya maana. Maana yake, kule kwao kuna wadudu na kuvu wanaoitafuna kila inapojaribu kuingia kivulini. Ilipovuka bahari, iliwaacha nyumbani.

Ndiyo hicho cha tatu nilichosema, kutokuwa na adui. Nikimaliza kulieleza hili mbele ya wanafunzi huwa nawaomba watafute jani la klidemia lililotobolewa na wadudu. Wanazunguka, wanazunguka. Kisha nawaonyesha jani la mti wa asili ulio jirani, limejaa matundu kama chujio.

Nikiiona klidemia nifanyeje?

Ing'oe siku inayofuata mvua kubwa, udongo ukiwa laini. Shika chini kabisa karibu na ardhi, vuta polepole, mzizi wote utoke. Ukiikata kwa panga itachipua. Kama ina matunda, chuma matunda kwanza uyatie kwenye mfuko, usiyatikise. Rudi pale pale baada ya miezi michache, maana mbegu za ardhini zitakuwa zimeota. Bila kurudi umejichosha bure.

Mwarobaini nao? Bibi yangu alituponya sote kwa mwarobaini.

Na mimi nimeunywa, uchungu wake sijausahau. Hakuna anayeutukana mwarobaini wa uani.

Lakini asili yake ni Bara Hindi na maeneo ya jirani, na hapa pwani umekwisha kutoroka. Ukitaka kuona, nenda Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kati ya Pangani na upande wa Bagamoyo, ambako miarobaini imeingia kwenye mbuga na vichaka kiasi cha kuwa mzigo kwa wahifadhi. Tunda lake tamu la manjano hupendwa na ndege, popo na nyani. Hata mjini, angalia chini ya nyaya za umeme au ukutani ndege wanapopenda kutua: utakuta miche midogo imepangana kama waumini kwenye safu. Hakuna aliyeipanda.

Habari njema ni kwamba mbegu yake haikai. Baada ya wiki chache hupoteza uwezo wa kuota, tofauti na ile ya klidemia. Habari mbaya ni kwamba shina lililokatwa huchipua kwa hasira. Kwa hiyo mche mdogo ung'oe. Mti mkubwa wa nyumbani uache, ila fagia matunda kabla nyani hawajaja. Anayeishi jirani na hifadhi, namshauri asipande kabisa. Mti wa kivuli si lazima uwe mwarobaini, kuna mkwaju.

Lantana ni mbaya kwa ng'ombe?

Ndiyo. Majani ya kichaka hicho yana sumu inayodhuru ini. Mnyama aliyekula huumia ngozi akikaa juani. Kwa kawaida hawali isipokuwa njaa ya kiangazi ikiwabana. Usiitumie kama uzio wa boma, hata kama maua yake ya rangi mbili tatu yanavutia. Kuichoma moto ni kuipa nafasi: inachipua kutoka kwenye kisiki huku mimea mingine ikiwa majivu.

Mlusina unaambiwa ni lishe nzuri ya mbuzi. Nipande?

Naomba nijibu kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi nyuma ulikuja mradi fulani wilayani, wakatugawia miche ya mlusina bure. Malisho, kuni, mbolea ya nitrojeni, kivuli, vyote kwa mti mmoja. Yote hayo ni kweli, sikudanganywa. Nilichokosa kuambiwa ni kwamba kila ganda lina mbegu kumi na kitu hadi ishirini, kwamba mti mdogo tu unaanza kuzaa, na kwamba nikisafiri miezi mitatu bila kuukata nimekwisha.

Nilisafiri miezi sita. Niliporudi, kingo ya shamba ilikuwa ukuta, na jirani yangu, mzee mmoja mpole, alikuwa ameshaanza kung'oa miche upande wake bila kunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, watoto wako wamehamia kwangu." Nimeng'oa kwa zaidi ya miaka kumi na bado kila masika kuna mmoja mmoja. Mbegu zina ganda gumu, zinangoja.

Kwa hiyo jibu: ukiwa na mbuzi wa kutosha na mkono wa kuukata kila mara kabla haujatoa maua, utakufaa. Ukiwa mtu wa safari kama mimi, usipande. Na majani yake yasiwe chakula pekee. Yana kemikali iitwayo mimosini, ikizidi mnyama hunyonyoka manyoya. Punda na farasi ndio huathirika zaidi.

Gugu maji si tatizo la Ziwa Victoria?

Watu wa Tanga husema hivyo kwa sababu televisheni huonyesha Mwanza. Kwa kweli mito yetu, Sigi na Pangani, ilikuwa na gugu maji tangu miaka ya 1950, miongo mitatu hivi kabla Ziwa Victoria halijaanza kupiga kelele miaka ya 1980 kuelekea mwishoni. Kwao ni bonde la Amazon. Lina ua zuri la zambarau, na hilo ndilo lililolisafirisha: watu walilipenda kwenye mabwawa ya bustani.

Katika maji yenye joto na rutuba, eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki moja au mbili. Likifunika, mwanga haupiti, hewa kwenye maji inapungua, samaki wanahama au kufa. Mbegu zikizama kwenye tope zinaweza kukaa miaka 20. Mji wa Tanga unakunywa maji ya bwawa la Mabayani kwenye Mto Sigi, kwa hiyo si jambo la wavuvi peke yao. Na mbolea na maji machafu yanayoingia mtoni kutoka mashambani na majumbani ndiyo chakula chake. Ukiopoa gugu bila kupunguza chakula, unafuga.

Mkonge je? Tanga nzima ni mkonge.

Mkonge ni mgeni, si mvamizi wa kuogopwa kwetu. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika na kupona hapa mwaka 1893 ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mikonge ya mashamba yaliyofuata ilitokana na hiyo. Ulichoumiza mkonge ni ardhi iliyofyekwa ili upandwe, misitu na vichaka vya pwani. Mmea wenyewe haukimbii mbali.

Ni kweli kuna ua la Tanga linalouzwa Ulaya kwenye vyungu?

Kweli kabisa. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, alikusanya ua dogo la zambarau na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina *Saintpaulia*. Huku wengine huliita dughulushi. Leo lipo madirishani katika nchi nyingi za baridi, mamilioni kwa mamilioni.

Na huku? Linaishi kwenye miamba yenye unyevu, chini ya kivuli, wakati mwingine kwenye jabali moja tu la bonde moja. Mwanga ukiingia kwa sababu miti imeanguka, au kichaka cha kigeni kikafunika jabali, kundi zima linaondoka bila mtu kujua. Nimewahi kuwapeleka wageni kwenye jiwe nililolijua tangu ujana nikakuta kuvumwani tu na majani mawili yaliyonyauka. Tulisimama pale, sikuwa na la kusema. Niliwaomba radhi kana kwamba ni mimi.

Lakini kuna spishi iliyokwisha kutoweka kwa sababu ya wavamizi?

Duniani, ndiyo. Ripoti ya mwaka 2023 ya IPBES, jopo la serikali mbalimbali kuhusu bioanuwai, ilisema viumbe vamizi, mimea na wanyama pamoja, wamechangia asilimia 60 ya kutoweka kwa spishi kulikorekodiwa, na katika asilimia 16 ndio walikuwa sababu pekee. Nyingi zilikuwa za visiwani. Ripoti hiyo hiyo inahesabu spishi za kigeni zaidi ya 37,000 zilizohamishwa na binadamu, na zaidi ya 3,500 ndizo zenye madhara.

Usiishie kwenye kutoweka, ingawa. Kwa kawaida mabadiliko huja kimya. Msitu unabaki kijani, ukiutazama kutoka angani huoni kitu. Ukiingia ndani unakuta sakafu iliyokuwa na aina thelathini za miche sasa ina klidemia na iliki. (Iliki! Hiyo nayo ni ya kigeni, tumeipanda wenyewe chini ya miti na kufyeka miche ili ipumue. Sijawahi kumaliza kusema hili Amani bila mtu kuondoka kikaoni.) Msitu wa Usambara unaanza kufanana na wa Fiji, wa Fiji na wa Hawaii. Idadi ya mimea haijapungua. Upekee ndio unapungua.

Kwa nini tusilete mdudu wa kuila, kama walivyofanya ziwani?

Inawezekana, na imewahi kufanya kazi vizuri. Ziwa Victoria walileta fukusi wawili wa jenasi *Neochetina*, wanaokula gugu maji tu, na gugu likapungua sana mwishoni mwa miaka ya 1990, hali ya hewa ya El Niño nayo ikisaidia. Australia, mpungate ulikuwa umefunika mamilioni ya hekta. Nondo wa kutoka Argentina, *Cactoblastis*, akaachiwa mwaka 1926 na ndani ya miaka kumi hivi mashamba yakarudi. Klidemia yenyewe ilipelekewa mdudu mdogo huko Fiji mwaka 1930. Alifaulu juani, kivulini hakufaulu. Kwetu shida ni kivulini.

Tahadhari ni moja: mdudu lazima ajaribiwe miaka kabla ya kuachiwa, aonekane hali kingine. Anayetaka njia ya mkato namwonyesha kunguru wa Kihindi. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 asafishe taka. Sasa anasafisha mayai ya ndege wenyeji, vifaranga vya kuku, na mkate mkononi mwa mtoto hapa Ngamiani.

Tukianza kuutumia, kwa mkaa au vikapu, si utakwisha?

Mara chache. Watu wanatengeneza mkaa wa mathenge, mti mwingine mvamizi, huko Kenya na vikapu vya gugu maji ziwani, na hela ni hela, siwazuii. Ila mtu aliyejenga biashara juu ya mmea hataki uishe. Nimemsikia kijana akiuliza wapi atapata mbegu.

Dawa ya magugu?

Mlimani karibu na vyanzo vya maji, nasema usithubutu bila mtaalamu. Pembezoni mwa shamba, kwa kisiki kilichokatwa, tone la dawa inayofaa juu ya jeraha bichi linatosha. Kupulizia hewani unaua vyote na mvamizi ndiye wa kwanza kurudi. Kwa swali la dawa na kwa mmea mpya usioujua, wa kuuliza ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, au ofisa ugani wako.

Nimeona mmea nisioujua umeanza kuota kwa wingi. Nikuletee?

Piga picha: jani upande wa juu na wa chini, ua, tunda, na mmea mzima ukiwa na kitu kando yake cha kuonyesha kimo, hata ndala. Andika ulipouona. Inatosha.

Usiniletee mmea wenyewe. Kuna ndugu mmoja, mwenye nia njema kabisa, alishuka na basi la Arusha akaja moja kwa moja hadi mlangoni kwangu na kiroba. Ndani kulikuwa na gugu karoti, lile lenye majani ya karoti na maua madogo meupe, lililoripotiwa Arusha mwaka 2010 na linalowasha ngozi na kubana kifua. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi. Huu ulikuwa umekauka, mbegu zote tayari, na kiroba kilikuwa na tundu. Tulikitia kiroba chote motoni, yeye nikampa maji ya kunywa, halafu mimi na ufagio tukarudi njia nzima aliyopita, kutoka mlangoni hadi stendi.